Akili mnemba au kwantumu: ipi ichaguliwe kwa kazi gani ya anga?

Anayetaka kufanya kazi ya astronomia au ya safari za anga leo huambiwa mambo mawili kwa mpigo. Anaambiwa ajifunze akili mnemba, maana ndiyo inayogundua sayari na kuendesha magari ya Mirihi. Anaambiwa pia asichelewe kuingia kwenye kwantumu, yaani teknolojia zinazotumia tabia za pekee za atomu na chembe za nuru, maana huko ndiko mambo yanakoelekea. Akiuliza achague ipi, hujibiwa kwamba kila moja ina umuhimu wake. Ni kweli, lakini jibu hilo halimfai mwenye muda mchache, fedha chache na miaka michache tu ya chuo.

Kuna kigezo kimoja ambacho kwa maoni yangu kinatangulia vingine vyote. Kila uchunguzi wa anga una mahali ambapo nuru au wimbi kutoka mbali linagusa chombo, kiwe kioo cha darubini, antena au kihisi ndani ya setilaiti. Hadi kufikia mguso huo, swali ni la fizikia: je, ishara imenaswa au imepotea? Baada ya mguso, swali ni la uchambuzi: katika vyote vilivyonaswa, kipi kina maana? Teknolojia ya kwantumu hufanya kazi yake kubwa kabla ya mguso na wakati wa mguso. Akili mnemba hufanya yake baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize tatizo lako liko upande gani.

Baada ya nuru kunaswa

Juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile kuna kituo cha uangalizi cha Vera C. Rubin, kilichoonyesha picha zake za kwanza kwa umma Juni 2025. Kamera yake ina pikseli bilioni 3.2. Imepangiwa kupiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10, na kila usiku kuzalisha data ya terabaiti 20 hivi. Kila kinachobadilika kati ya picha moja na nyingine, kama nyota iliyong'aa ghafla au asteroidi iliyosogea, hutolewa taarifa, na taarifa hizo zinatarajiwa kufikia milioni 10 kwa usiku mmoja. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia una wanachama zaidi ya 10,000. Hata wote wakiacha shughuli zao na kugawana kazi hiyo, kila mmoja atapewa mamia ya taarifa za kukagua kabla ya mapambazuko, na usiku unaofuata mamia mengine.

Kwa tatizo la namna hii sioni haja ya mjadala. Ishara zipo, zimenaswa, zimehifadhiwa. Kinachokosekana ni wa kuzipepeta.

Mfano ninaoupenda ni wa sayari Kepler-90i. Darubini ya Kepler ilikuwa imekwisha kukusanya data ya nyota hiyo, na sayari saba zilikuwa zimekwisha kutambuliwa. Mwaka 2017 Christopher Shallue wa Google na Andrew Vanderburg waliufundisha mtandao wa neva bandia (programu inayojifunza kutokana na mifano) kwa mifano 15,000 ya kufifia kwa nuru ya nyota, jambo linalotokea sayari inapopita mbele yake, kila mmoja ukiwa umeshaamuliwa na wataalamu kama ni sayari au siyo. Kisha wakaupa mtandao huo nyota 670 zilizojulikana kuwa na sayari, uangalie kama kuna ishara dhaifu zilizopitwa. Ukaiona sayari ya nane, inayoizunguka nyota yake kwa siku 14.4. Hapo Kepler-90 ikawa mfumo wa kwanza kujulikana kuwa na sayari nane kama mfumo wetu wa jua. Hakuna darubini mpya iliyojengwa kwa ajili hiyo. Jibu lilikuwa ndani ya data ya zamani.

Jambo kama hilo lilitokea kwa mimweko ya redio, ile inayodumu sehemu ndogo tu ya sekunde. Agosti 2017 darubini ya Green Bank huko Marekani ilisikiliza chanzo kiitwacho FRB 121102 kwa saa chache, na njia za kawaida za uchambuzi zikapata mimweko 21. Mwaka uliofuata watafiti wa Breakthrough Listen, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wenye akili angani, waliipitisha data ileile kwenye mtandao wa neva na kupata mimweko mingine 72. Kwa mtu mwenye kompyuta na intaneti asiyekuwa na darubini, habari hii inapaswa kumpa moyo sana. Hazina za data za darubini za angani Kepler, TESS na Gaia ziko wazi kwa yeyote, na programu za kujenga mitandao ya neva zinapatikana bure.

Lakini akili mnemba ina udhaifu ambao haupaswi kufichwa. Inajua kile ilichoonyeshwa. Mradi wa Galaxy Zoo ulioanza 2007 uliwaomba watu wa kawaida kupitia picha za galaksi karibu milioni moja na kusema hii ina mikono iliyojizungusha, hii ina umbo la yai. Majibu ya watu hao ndiyo yaliyokuja kutumika kuifundisha mitandao ya baadaye. Maana yake, macho ya watu hayakuondoka. Yamehamia mwanzoni mwa kazi. Palipo na galaksi ya aina ambayo hakuna mtu aliyeionyesha mashine, mashine itaipachika jina la kundi inalolijua, na mara nyingi itafanya hivyo bila kuonyesha shaka yoyote.

Suala hili huwa zito zaidi akili mnemba inapotumika kusafisha picha. Picha ya shimo jeusi la galaksi M87 iliyotolewa Aprili 10, 2019 ilitokana na antena chache zilizotawanyika duniani, hivyo sehemu kubwa ya taarifa haikuwepo. Mwaka 2023 kundi likiongozwa na Lia Medeiros lilitumia njia iitwayo PRIMO, iliyofundishwa kwa picha zaidi ya 30,000 za mashimo meusi zilizotengenezwa na kompyuta, na pete ikaonekana nyembamba zaidi. Ni kazi ya kuheshimika, na waandishi wake walieleza njia yao waziwazi. Anayeitumia picha hiyo anapaswa tu kukumbuka kwamba mapengo yamejazwa kwa kufuata nadharia iliyozaa zile picha 30,000. Ukitaka kuipima nadharia hiyohiyo, picha ya aina hii haiwezi kuwa shahidi pekee.

Kabla nuru haijanaswa

Sasa tuchukue tatizo la upande wa pili. Septemba 14, 2015 mitambo ya LIGO ilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga lenyewe, yaliyotoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana. Kila mtambo una mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, na leza inayokwenda na kurudi kati ya vioo. Umeundwa kuhisi badiliko la urefu lililo dogo kuliko sehemu moja ya 10,000 ya upana wa protoni.

Kwenye kipimo kidogo kiasi hicho, kelele inayozuia haitoki kwa magari barabarani wala upepo peke yake. Inatoka kwenye nuru yenyewe. Fotoni, yaani chembe za nuru, haziji kwa mpangilio sawa. Huja kwa bahati nasibu, na kubahatisha huko ni sehemu ya sheria za kwantumu. Hakuna uhodari wa fundi unaoweza kuifuta kelele hiyo. Kinachowezekana ni kuihamisha. Sheria ya mwanafizikia Heisenberg inasema kuna jozi za sifa ambazo huwezi kuzijua zote kwa uhakika kamili, lakini haikukatazi kupunguza shaka ya sifa moja kwa kuiacha ya pili ikue. Nuru iliyotengenezwa hivyo huitwa nuru iliyobanwa. Mtambo wa GEO600 nchini Ujerumani ulianza kuitumia 2010, na LIGO ikaanza kuitumia katika uchunguzi wake wa kawaida mwaka 2019.

Kukazuka tatizo jipya. Nuru iliyobanwa ilipunguza kelele kwenye masafa ya juu, yaani mitetemo ya haraka, ila kwenye masafa ya chini, yaani mitetemo ya polepole, fotoni zikawa zinavisukuma vioo kwa nguvu zisizotabirika, ingawa kila kioo kina kilo 40. Suluhisho lililowekwa kwa ajili ya uchunguzi ulioanza 2023 ni njia ya ziada yenye urefu wa mita 300 inayobadili namna ya kuibana nuru kulingana na masafa, ili kila masafa yapate kile yanachohitaji. Watafiti wa LIGO walikadiria kwamba hatua hiyo ingewawezesha kunasa migongano zaidi kwa asilimia 60 hivi.

Nimekaa hapa kwa sababu ndipo tofauti ya teknolojia hizi mbili inapoonekana vizuri kuliko popote. Mtandao wa neva, uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kurudisha taarifa ambayo haikuingia kwenye chombo. Ungeweza kuifundisha mashine kwa miaka juu ya data ya LIGO ya zamani na usipate hata mgongano mmoja kati ya ile iliyozama kabisa kwenye kelele ya fotoni. Ilibidi chombo kibadilishwe.

Kwantumu, tena, si ngeni kwenye astronomia kama inavyotangazwa. Vihisi vya kamera vya aina ya CCD, vilivyobuniwa 1969 na kuwapa Willard Boyle na George Smith Tuzo ya Nobel ya 2009, hugeuza fotoni kuwa umeme kwa njia ya kwantumu. Vipokezi vya antena 66 za ALMA katika jangwa la Atacama hutegemea chembe za umeme kupenya kizuizi ambacho kwa fizikia ya kale zisingeweza kukipita. Chombo cha Resolve ndani ya setilaiti ya Kijapani XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, hupozwa hadi sehemu 50 za elfu za kelvini moja, yaani karibu na sifuri kamili ambayo ni baridi isiyoweza kuzidiwa, ili kila fotoni ya eksirei ipimwe kwa joto dogo inaloliacha. Anayesema kwantumu bado ni ndoto anafikiria kompyuta za kwantumu. Vihisi vya kwantumu viko kazini.

Mawasiliano na saa

Desemba 11, 2023 chombo cha anga cha NASA kiitwacho Psyche, kikiwa umbali wa kilomita milioni 31, kilituma duniani kwa leza video ya paka akikimbiza nukta nyekundu, kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde. Leza hiyo ilipofika ilikuwa imetawanyika mno hata fotoni zilibidi kuhesabiwa moja moja. Kwenye darubini ya Palomar kulikuwa na kihisi cha nyaya nyembamba sana, zilizopozwa karibu na sifuri kamili, ambazo hupoteza uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani pale fotoni moja inapozigusa. Hapa pia kazi ngumu ilikuwa kunasa, na kihisi cha kwantumu ndicho kilichoifanya.

Saa ni mfano mwingine. Nuru husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo saa inayokosea nanosekunde inakosea umbali kwa kiasi hicho. Vyombo vingi vya anga za mbali huongozwa na antena za duniani: ishara inatumwa, inarudishwa, muda unapimwa, mahali panakokotolewa, kisha maelekezo yanatumwa. NASA ilirusha Juni 2019 saa ya atomu iliyotumia ayoni za zebaki, iitwayo Deep Space Atomic Clock, na hadi ilipozimwa 2021 ilionyesha kwamba inaweza kukaa zaidi ya siku 20 ikipotoka kwa chini ya nanosekunde 4. Chombo chenye saa kama hiyo kinaweza kupokea ishara upande mmoja tu na kujikokotolea kilipo. Aprili 2025 saa nyingine za atomu za mradi wa Ulaya uitwao ACES zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kituoni humo kuna pia maabara ya atomu baridi, Cold Atom Lab, tangu 2018. Atomu zikipozwa mno huanza kutenda kama wimbi moja, na kwa kuwa pale haziangukii sakafuni, zinaweza kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi. Lengo la mbele ni vipima mvutano vitakavyotambua kutoka obiti maji na barafu vilivyo chini ya ardhi. Setilaiti pacha za GRACE zilifanya kazi ya namna hiyo kuanzia 2002 hadi 2017 kwa kupima umbali kati yao kwa mawimbi ya redio. Vipimo vya atomu vinatarajiwa kuwa vyepesi zaidi kuhisi, lakini bado viko katika hatua ya majaribio.

Ndani ya chombo kilicho mbali

Ishara kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwa safari moja, kutegemea sayari ziko wapi. Dereva hawezi kukaa duniani akashika usukani. Gari la Perseverance lilipotua Februari 18, 2021 lililinganisha picha za kamera yake na ramani iliyomo ndani yake na kuchagua lenyewe mahali salama pa kutua, na tangu hapo limekuwa likijipangia njia kati ya mawe. Gari la Curiosity, lililoko huko tangu 2012, huchagua lenyewe baadhi ya miamba ya kupigwa leza ili ichunguzwe. Kwenye maamuzi ya papo kwa papo, akili mnemba na jamaa zake hazina mpinzani, na kwantumu haina cha kutoa hapo.

Watu husahau kompyuta inayofanya hayo ni ya aina gani. Kompyuta kuu ya Perseverance, RAD750, imeimarishwa dhidi ya mnururisho na mwendo wake hauzidi megahezi 200. Anayejifunza akili mnemba kwa ajili ya anga asizoee mashine kubwa tu. Ustadi unaotafutwa ni kupunguza modeli, yaani programu iliyokwisha kufundishwa, hadi ienee kwenye chombo kidogo chenye umeme mchache. Setilaiti ya Ulaya ya PhiSat-1, iliyorushwa Septemba 2020, ilionyesha faida yake: ilitambua angani picha zilizofunikwa na mawingu ili zisipotezewe nafasi ya kutumwa.

Helikopta ya Ingenuity ilituachia funzo la upande wa pili. Ilijua mwendo wake kwa kutazama alama za ardhini. Januari 2024, katika safari yake ya 72, iliruka juu ya mchanga laini usio na alama za kutosha, ikakosa vipimo sahihi, ikatua vibaya na kuvunjika mapanga. Chombo kinachohisi mwendo kwa atomu hakihitaji kuona chochote nje. Kwa sasa vifaa hivyo ni vizito mno kubebwa na helikopta ya kilo 2 hivi, lakini ndipo hasa ningependa kuona vinafika.

Kompyuta za kwantumu ni jambo jingine

Hapa ndipo wengi wanapopoteza muda. Kompyuta ya kwantumu haisomi data nyingi kwa wepesi. Kuingiza terabaiti 20 za picha kwenye hali za kwantumu kungekula faida yote iliyotarajiwa, na mashine zilizopo hukosea mara kwa mara. Chipu ya Google iitwayo Willow, iliyotangazwa Desemba 2024, ina kyubiti 105, yaani vipande vya msingi vya kushika taarifa katika kompyuta ya kwantumu. Mafanikio yake makubwa ni kuonyesha kwamba makosa yanaweza kupungua kadiri kyubiti zinazolinda taarifa zinavyoongezwa. Ni hatua ya kweli, lakini iko mbali na kuchambua picha za Rubin.

Kazi zitakazoifaa siku zijazo ni zile zenye data kidogo na hesabu nzito: namna molekuli zinavyoungana ndani ya mawingu baridi kati ya nyota, au hali ya mata ndani ya nyota za nyutroni. Mtu wa kemia au fizikia ya nadharia anaweza kuanza sasa kwa haki kabisa. Mtu wa picha na ishara asisumbuke.

Kuna ndoto moja ya kwantumu ninayoiamini, nayo ni darubini zilizounganishwa kwa nuru. Darubini za redio zilizopiga picha ya M87 ziliweza kufanya kazi kama antena moja yenye ukubwa wa dunia kwa sababu mawimbi ya redio yanaweza kurekodiwa kwenye diski pamoja na muda wa saa za atomu, kisha yakaunganishwa baadaye. Nuru inayoonekana inatetemeka haraka mno kurekodiwa hivyo. Ni lazima iletwe pamoja papo hapo kwa mabomba na vioo, ndiyo maana darubini za CHARA kwenye mlima Wilson huko Marekani zimeachana kwa mita 330 tu hivi. Mwaka 2012 Daniel Gottesman, Thomas Jennewein na Sarah Croke walipendekeza kutumia fotoni zilizofungamana, yaani jozi ambazo hali ya moja imeungana na ya nyingine hata zikiwa mbali, ili kuunganisha darubini bila kuisafirisha nuru ya nyota yenyewe. Setilaiti ya China iitwayo Micius, iliyorushwa 2016, ilikwisha kugawa fotoni zilizofungamana kwa vituo viwili vilivyoachana kilomita 1,200. Kinachokosekana ni hifadhi za kwantumu zinazoweza kuishika hali hiyo kwa muda wa kutosha, na fotoni zilizofungamana kwa wingi unaotosheleza.

Muda, gharama na namna zinavyokosea

Akili mnemba hulipa mapema. Modeli inaweza kufundishwa na kujaribiwa ndani ya miezi. Kwantumu hudai subira: Carlton Caves alieleza mwaka 1981 jinsi nuru iliyobanwa ingesaidia kupima mawimbi ya mvutano, na LIGO ikafika kuitumia kila siku miaka 38 baadaye. Inadai pia vyumba visivyo na hewa, leza, mitambo ya kupoza na mafundi wa umeme waliobobea. Mtu mmoja nyumbani hawezi, ingawa anaweza kujifunza hesabu zake kwa programu za kuiga zinazopatikana bure.

Hata makosa yao hayafanani, na hili ningelipa uzito kuliko gharama. Kihisi cha kwantumu kikiharibika, kwa kawaida utaona kelele imepanda au ishara imekatika, na unaweza kukisahihisha kwa kukipima dhidi ya fizikia inayojulikana. Akili mnemba ikikosea hutoa jibu safi, lenye umbo lilelile la jibu sahihi. Kwa hiyo anayechagua akili mnemba atenge nusu ya muda wake kwa uhakiki: data ambayo modeli haijawahi kuiona, ishara bandia zilizopandikizwa kwa makusudi, na uthibitisho kwa njia isiyotegemea modeli.

Kigezo changu kina mpaka wake, nao unasogea. Septemba 2025 watafiti wa Google DeepMind wakishirikiana na LIGO walichapisha njia ya kutumia akili mnemba kutuliza vioo vya mtambo, na wakaijaribu kwenye mtambo wa LIGO ulioko Livingston, Marekani. Hapo akili mnemba imevuka na kuingia upande wa kabla ya mguso. Kwa upande mwingine, modeli ya AlphaQubit ya 2024 ilitumika kutambua makosa ya kompyuta ya kwantumu. Mtu atakayejua zote mbili kwa kina atakuwa na kazi, lakini ni vigumu kuanza na zote.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama una kompyuta, intaneti na ari, anza na akili mnemba juu ya data iliyo wazi. Usianze na mtandao wa neva. Anza na takwimu, kisha soma jinsi chombo kilichotoa data hiyo kinavyofanya kazi, maana ugunduzi mwingi wa uongo ni hitilafu ya kihisi iliyoonekana kama sayari.

Kama unapenda kushika vifaa na uko karibu na maabara ya fizikia, nenda kwa vihisi vya kwantumu. Jifunze optiki, elektroniki na upozaji wa kina. Watu wenye ujuzi huo ni wachache, na ujuzi huo haupitwi na wakati haraka kama programu.

Kikundi chenye darubini ndogo kinunue kihisi bora kinachoweza kumudu, kisha kitumie akili mnemba kupanga usiku na kuchuja picha. Wanaounda setilaiti ndogo waweke akili mnemba ndani yake ikiwa kinachowabana ni nafasi ya kutuma data. Kinachowabana kikiwa ni udhaifu wa ishara, fedha ziende kwenye kihisi.

Anayegawa fedha za utafiti aangalie muda aliopewa kuonyesha matokeo. Miaka mitatu inatosha kwa akili mnemba. Kwa kihisi kipya cha kwantumu hata miaka 10 ni michache, na ni afadhali asikianzishe kuliko kukikatia fedha katikati.

Na ukiletewa pendekezo la kuchambua picha za anga kwa kompyuta ya kwantumu, omba jambo moja kabla ya mengine yote: kazi hiyohiyo, data hiyohiyo, ifanywe kwanza kwenye kompyuta ya kawaida, na matokeo mawili yawekwe mezani pamoja na muda uliotumika kuiingiza data.